Probu za kung'aa na ng'ombe wa A2
Ndugu uliyeuliza kama probu za DNA zinazong'aa kwenye hadubini (za FISH, yaani vipande vya DNA vyenye rangi vinavyojibandika kwenye jeni) zinaweza kukuonyesha ng'ombe wa maziwa ya A2 (yenye aina ya A2 ya protini ya beta kesini), hapana, hiyo sio kazi yake. A1 na A2 zinapishana herufi moja tu ya DNA kwenye jeni ya beta kesini, hivyo kwenye protini, nafasi ya 67, A1 ina asidi amino ya histidini A2 ina prolini, hiyo unapima kwa PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi), nywele chache za mkia zenye mizizi zinatosha kabisa. Probu zinaona mambo makubwa, jeni kukatika: unaweka probu nyekundu upande huu wa jeni na ya kijani upande ule, ikiwa nzima madoa yanagusana mpaka yanaonekana kama njano, ikikatika kipande kikahamia kromosomu nyingine basi nyekundu na kijani vinaachana, aisee kwenye hadubini unaona mwenyewe.