Fundi hajakuharibia tyubu

Ndugu uliyeuliza kwa nini fundi wa pancha hapo Jinja aliikwaruza tyubu ya boda yako hadi ikapoteza mng'ao: hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mpira laini una utando wa vumbi, mafuta na unga. Ukipaka solusheni, yaani gundi ya kubandikia kiraka, juu yake, inashika utando, si mpira. Msasa, au kile kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, huuondoa na kuacha mikwaruzo midogo ambamo solusheni hupenya na kupata pa kung'ang'ania. Wengi wanakosea kwenye haraka tu: subiri solusheni ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka na kukigonga. Hata ukuta laini wa zege huchongwachongwa hivyohivyo kabla ya plasta.