Uuze kwanza au ununue kwanza? Anza na tarehe

Tulipoamua kuuza nyumba tuliyokuwa tukiishi ili tuhamie kubwa zaidi, kila mtu alikuja na ushauri wa bei. Dalali alizungumzia bei, ndugu walizungumzia bei, hata fundi aliyekuja kupaka rangi alikuwa na bei yake kichwani. Kuhusu tarehe hakuna aliyegusia, na tarehe ndizo zilizokuja kuninyima usingizi: pesa za nyumba ya zamani zinaingia lini, za nyumba mpya zinatakiwa lini, na hapo katikati tunalala wapi na vyombo vyetu vyote.

Kama na wewe unategemea pesa za nyumba ya kwanza kununulia ya pili, msimamo wangu ni huu: uza kwanza, ila usikubali kutoka upesi.

Kununua kwanza kuna raha yake, sikatai. Unahama mara moja tu, tena kwa nafasi yako. Shida huanza ya zamani ikikawia kupata mtu. Unalipa marejesho mara mbili, bima mara mbili, na kila mwezi unaopita unakulainisha ukubali bei ambayo mwanzo ungeikataa hata bila kufikiri. Wanunuzi nao si wajinga. Mtu akiingia akakuta vyumba vitupu na sauti inarudi kutoka ukutani, anajua umeshahama na deni linakukimbiza, na hapo ndipo anapoanzia kukata bei.

Ziko benki zinazotoa mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo hilo mpaka nyumba ya zamani iuzwe. Unasaidia kweli, lakini riba yake kwa kawaida huwa juu kuliko ya mkopo wa nyumba wa miaka mingi. Mimi ningeuchukua tu ikiwa mnunuzi wangu ameshasaini mkataba na kulipa arbuni, yaani malipo ya kutanguliza. Kuuchukua kwa kuwa dalali amesema "kuna mtu anakuja wiki ijayo", hapana.

Wengine husubiri soko lipande ndipo wauze. Hapa hesabu inawachenga wengi, kwa sababu unauza na kununua katika soko lilelile. Tuseme nyumba yako ina thamani ya 100 na unayoitaka ni 150, utaongeza 50. Bei zote zikishuka kwa asilimia 10, yako inakuwa 90 na ile 135, nawe unaongeza 45. Anayehamia nyumba kubwa huenda akafaidika soko likishuka, na anayehamia ndogo akafaidika likipanda. Ila deni lako benki halishuki pamoja na bei. Kama unadaiwa 60, ulikuwa ubakiwe na 40 mkononi. Sasa unabaki na 30, na hizo ndizo za malipo ya awali ya nyumba mpya. Kwa hiyo piga hesabu zote mbili kabla hujafurahia soko lililolala.

Ukishaamua kuuza, nenda benki mapema ukaombe barua ya salio, inayoonyesha kiasi cha kumaliza mkopo wako. Salio la kwenye taarifa yako ya mwezi silo utakalolipa siku ya kufunga mkopo. Riba inaendelea kuhesabiwa kila siku, ndiyo maana barua ile huwa na tarehe ya mwisho wa kutumika, na ikipita unaomba nyingine. Uliza pia kama kuna faini ya kulipa mkopo kabla ya muda wake, na kama benki inakubali kuuhamishia mkopo huohuo kwenye nyumba mpya. Baada ya hapo toa ada ya dalali, ya wakili, kodi zinazomhusu muuzaji na gharama za kuhama. Kinachobaki ndicho cha kwenda nacho kutafuta nyumba.

Sasa nije kwenye hilo la kutotoka upesi. Mnunuzi anapokuja kuangalia nyumba, muulize anataka kuingia lini na kwa sasa anaishi wapi. Ni swali la kawaida kabisa, na majibu yake yana thamani kuliko sifa anazozimwaga kuhusu sebule yako. Wetu alijibu huku akifungua na kufunga bomba la jikoni: mkataba wake wa pango ulikuwa bado haujaisha, hivyo hakuwa na haraka. Mume wangu akaniangalia, nikamwangalia. Tulipokuja kupatana, tulilegeza kidogo kwenye bei, naye akakubali tuendelee kuishi pale kwa muda baada ya kutulipa, kama wapangaji wake. Muda huo ndio tuliotafutia nyumba, pesa zikiwa tayari benki.

Makubaliano ya namna hiyo yaandikwe, hata kama mnunuzi ni mtu mkarimu kiasi gani. Mtakaa hadi tarehe ngapi, kodi kiasi gani, ikipita tarehe mnalipa nini kwa kila siku, paa likivuja nani anaita fundi. Bima ya jengo sasa ni juu ya mnunuzi, maana ndiye mwenye nyumba. Ya vyombo vyenu inabaki kwenu.

Kwa upande wa kununua, unaweza kuomba mkataba uwe na sharti kwamba ununuzi utakamilika tu ikiwa nyumba yako itauzwa kufikia tarehe fulani. Muuzaji mwenye wateja wengi atakukatalia, na ana haki. Yule ambaye nyumba yake imekaa sokoni muda mrefu anaweza kukubali. Someni na wakili kipengele cha arbuni: mambo yakikwama, inarudi au imekwenda? Na chunguza kama muuzaji wako naye anasubiri kununua kwingine. Mkiwa mmefungamana watu watatu au wanne hivyo, mkopo wa mmoja ukikataliwa wote mnasimama.

Siku ya makabidhiano usiiweke moja kwa nyumba zote mbili. Pesa zinaweza kuchelewa kuingia hadi benki zinafunga, na wewe umeshapakia kitanda na jokofu kwenye lori. Acha siku kadhaa katikati, na ziwe siku za kazi, mbali na sikukuu. Kabla ya kukabidhi funguo, piga picha usomaji wa mita za umeme na maji kwenye nyumba zote mbili, tarehe ionekane, kisha uwatumie mnunuzi wako na muuzaji wako nakala siku hiyohiyo.