Kapteni Janeway na siku nilizojifungia ofisini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia usiku wa manane. Ana miezi mitano tangu apewe timu ya kuongoza, uamuzi wake wa kwanza mkubwa umewaumiza watu wake, na tangu siku hiyo anaingia kazini ameinamisha kichwa. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, ukishawaumiza wenzako kwa uamuzi ambao hata leo ungeurudia, unaanzia wapi kuwatazama usoni?"

Nimeusoma ujumbe huo mpaka nimeukariri. Niliwahi kuwa na swali hilohilo, ila sikuwa na wa kumwandikia. Nilikuwa na nahodha mmoja wa kumtazama, naye ni wa kubuniwa: Kapteni Kathryn Janeway wa chombo cha anga kiitwacho Voyager.

Najua wapo watakaoguna. Nimeshachekwa kwa ajili yake. Katika usaili mmoja nilitakiwa nitaje kiongozi ninayemhusudu, nikamtaja Janeway na nikaeleza kwa nini. Watu watatu waliokaa mbele yangu wakatazamana, mmoja akainama na kuandika kitu huku akitabasamu. Kazi sikupata. Lile tabasamu linaniuma mpaka leo, na leo nikiulizwa tena nitamtaja yeye yule. Mwaka 2015 mwanaanga wa Italia, Samantha Cristoforetti, akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, alivaa sare ya mabaharia wa Voyager siku ilipowasili shehena yenye mashine ya kahawa, akarudia maneno ya Janeway kuhusu kahawa iliyomo ndani ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani. Mtu anayeizunguka dunia kwa kweli alimkumbuka nahodha wa kwenye tamthilia. Basi mimi nione haya ya nini?

Kwa wasiomjua, niseme kidogo. Star Trek: Voyager ilianza kurushwa Marekani Januari 1995, ikaisha Mei 2001 baada ya misimu saba. Aliyemwigiza Janeway ni Kate Mulgrew, na ndiye mwanamke wa kwanza kuwa nahodha na mhusika mkuu wa tamthilia nzima ya Star Trek. Katika kipindi cha kwanza Voyager inatumwa kusaka chombo cha waasi wanaoitwa Maquis, na vyombo vyote viwili vinazolewa hadi upande mwingine wa galaksi, umbali wa miaka ya nuru 70,000. Hata wakienda kwa kasi yao yote, kurudi nyumbani ni safari ya miaka 75.

Mtambo uliowaleta huko ungeweza kuwarudisha. Tatizo ni kwamba wakiutumia na kuuacha nyuma, utaangukia mikononi mwa Kazon, maadui wa huko, nao watawaangamiza Ocampa, watu wapole ambao umri wao wote ni miaka tisa. Janeway akauvunja mtambo. Mle katika chumba cha usukani B'Elanna Torres, aliyetoka upande wa waasi, akafoka: huyu ni nani hata atuamulie sote? Aliyemjibu ni Chakotay, kiongozi wa waasi wenyewe. Akasema, huyu ndiye kapteni.

Wengi wanampendea hapo. Mimi pia kwa miaka mingi nilimpendea hapo, nikabandika picha yake kwenye fremu ndogo na kuiweka juu ya meza yangu ya kazi. Siku hizi nampendea kwingine, na ili nieleze kwingine huko lazima nisimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Nilikuwa naongoza timu ya watu saba. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kukokotoa dozi za dawa kwa wagonjwa. Siku mbili kabla ya makabidhiano, kijana mmoja wa timu, mkimya, ambaye kila mara alibaki nyuma kujaribu vitu ambavyo hakuna aliyemtuma, aliniita kwenye skrini yake. Akaandika uzito wa mtoto mchanga kwa kutumia koma: 3,5. Akabonyeza. Programu ikaimeza koma na kusoma 35. Mtoto wa kilo tatu na nusu akawa mtu wa kilo thelathini na tano, na dozi ikapanda mara kumi. Kosa lilijitokeza kwenye baadhi ya kompyuta tu, kutegemea zilivyopangwa kuandika desimali, ndiyo maana lilitupita miezi yote ile.

Mkuu wangu alitaka tukabidhi kama mkataba unavyosema, halafu turekebishe baada ya wiki mbili. Nilikataa kusaini. Sikulala usiku ule, lakini sikuyumba. Mteja, ambaye tulishamchelewesha mara mbili, akavunja mkataba. Kabla ya mwezi kwisha kitengo kikapunguzwa na watu wangu wawili wakapoteza kazi. Mmoja wao alikuwa yule kijana aliyeiona koma.

Katika kikao cha mwisho mkuu wangu alisema mbele ya wote: "Tunalipwa kuandika programu, hatulipwi kucheza unahodha." Kila mtu alijua anaisema ile picha. Nilirudi ofisini, nikailaza kifudifudi, nikafunga mlango.

Nilijifungia wiki tatu. Nilikuwa naingia kabla ya wengine na kutoka wakishaondoka. Taa nilizima, nikafanya kazi kwa mwanga wa skrini. Watu waliokaa hatua kumi kutoka mlangoni kwangu niliwaandikia ujumbe kwenye kompyuta. Vikao vya asubuhi aliendesha msaidizi wangu. Nilijiambia kwamba nawapa nafasi wapumue, kumbe nilikuwa nakwepa viti viwili vilivyobaki wazi.

Usiku mmoja katika zile wiki tatu nilirudia kipindi kiitwacho Night, kilichofungua msimu wa tano mwaka 1998. Nilikiona zamani na sikukitilia maanani. Voyager inavuka eneo lisilo na nyota hata moja. Wameshakaa gizani miezi miwili, na mbele wana miaka miwili mizima ya giza hilohilo. Janeway hatoki chumbani. Chombo kinaendeshwa na Chakotay, ambaye sasa ni msaidizi wake, mabaharia wanamuulizia kapteni wao, naye amekaa kwenye kiza akiurudia ule uamuzi wa mtambo, akihesabu watu aliowakwamisha mbali na nyumbani. Alikuwa sahihi, na bado amevunjika. Sikuwa nimewahi kuona shujaa wa tamthilia akionyeshwa hivyo, bila kutafutiwa udhuru.

Kisha akatoka, na namna alivyotoka ndiyo iliyonishtua. Imepatikana njia ya mkato ya kulivuka giza, lakini msafirishaji mmoja wa taka za sumu anaitumia njia hiyohiyo kuwamwagia sumu wakazi wa huko, kwa hiyo lazima ifungwe. Janeway anaamua abaki nyuma peke yake kwenye chombo kidogo, aifunge, wenzake waende. Ukitazama haraka utasema ni ushujaa. Mimi niliona mtu anayetafuta chumba kikubwa zaidi cha kujifungia. Maofisa wake nao waliliona hilo. Chakotay alikuwa ameshawatahadharisha, na amri ilipotolewa wakaikataa mmoja baada ya mwingine, hata Tuvok, anayeheshimu sheria kuliko pumzi yake. Ikabidi wote pamoja watafute njia nyingine, na wakaipata.

Nilisimamisha video hapohapo. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na barua ya kuacha kazi, imekamilika, imebaki tarehe. Niliiita barua ya kuwajibika. Nikaisoma upya huku uso wa Janeway umeganda kwenye skrini ya pili, nikaona hakuna mtu hata mmoja aliyeniomba niiandike.

Kesho yake asubuhi msaidizi wangu aliingia bila kubisha. Ni mtu mzima kuniliko. Mbele za watu ananiita bosi, tukiwa wawili ananiita mdogo wangu. Akawasha taa. "Mdogo wangu," akasema, "hawa watu hawajakukasirikia kwa sababu ya programu. Wamekukasirikia kwa sababu wenzao waliondoka Ijumaa na maboksi yao mikononi, wewe uko humu ndani na mlango umefungwa."

Ni kweli. Nilizisikia hatua zao. Nilisikia lifti ikifunguka. Sikuinuka.

Mdogo wangu uliyeniandikia, jibu langu linaanzia hapo. Inuka, utoke. Sina ushauri wa kwanza zaidi ya huo, na ukinibana nikupe wa pili nitakuambia uleule. Nilitoka siku ileile, miguu ikitetemeka, nikasimama karibu na vile viti viwili, nikasema mimi ndiye niliyeamua. Nikasema ningeamua vilevile tena. Nikasema pia kwamba kutowaaga wenzetu lilikuwa kosa langu, na sina sababu ya kulitetea. Hazikupita dakika nne. Mmoja akajibu, "La kwanza tulilijua." Mwingine hakunisemesha karibu mwezi mzima, nami nikamwacha, maana msamaha hauamrishwi kama kazi.

Tenganisha mambo mawili ambayo hofu imekuchanganyia: uamuzi wako, na ulivyowatendea watu baada ya uamuzi. Usiombe radhi kwa uamuzi sahihi ili upendwe tena. Watu hunusa. Omba radhi pale ulipokosea, tena kwa kulitaja kosa lenyewe. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunalia kwa mambo tuliyofanya sawa, halafu yale tuliyokosea tunayafunika na shughuli.

Na ukishatoka, kaa nao. Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni Latent Image, cha mwaka 1999. Daktari wa Voyager, ambaye ni hologramu, yaani taswira ya mwanga inayoendeshwa na kompyuta, aliwahi kuwa na majeruhi wawili wenye nafasi sawa ya kupona na muda wa kumwokoa mmoja. Akamwokoa Harry Kim, rafiki yake. Yule mwingine akafa, na Daktari akaanza kujihoji bila kikomo mpaka akashindwa kazi, Janeway akaamuru kumbukumbu hiyo ifutwe. Ilipofichuka baadaye alitaka kuifuta tena. Seven of Nine, baharia mwenzao, akamkabili Janeway, naye akabadili msimamo. Tangu hapo mabaharia wakapokezana zamu kukaa na Daktari, siku baada ya siku, huku anajihoji kwa sauti. Mwishoni zamu ni ya Janeway. Ana kitabu mkononi, ana homa, kichwa kinamuuma, na hatoki. Anasinzia kitini.

Kiongozi mwenye chombo kizima cha kuendesha, anasinzia kitini kwa sababu aliyeumia hajamaliza kusema! Hayo ndiyo ninayoyahubiri siku hizi kwa kila anayenisikiliza, na nitaendelea kuyahubiri. Acheni kunitumia orodha za tabia kumi za viongozi bora. Nionyesheni kiti mlichokalia.

Simfanyi Janeway malaika. Yapo maamuzi yake nisiyoyatetea, na la Tuvix ni mojawapo: mabaharia wawili walioungana kwa ajali wakawa mtu mmoja mpya, naye akaamuru watenganishwe ingawa huyo mpya alikuwa anaomba kuishi. Mashabiki tumegombana juu ya hilo tangu 1996. Mimi naona alikosea. Lakini Daktari alipokataa kuifanya kazi hiyo kwa sababu ya kiapo chake, Janeway hakumtafuta mtu mwingine wa kumbebesha. Aliifanya kwa mikono yake, akatoka mlangoni na uso ambao Kate Mulgrew hakuupamba kwa machozi wala kwa ushindi.

Miezi iliyofuata naipita. Ilikuwa kazi juu ya kazi. Barua niliifuta. Mwezi uliopita nimepewa timu ya watu kumi na mmoja, katika kampuni nyingine, na siku ya kwanza niliomba meza yangu iwekwe katikati yao, pasipo na mlango. Picha ya Janeway imesimama juu yake.

Wale wawili niliwaandikia siku ileile niliyotoka. Mmoja alijibu kabla ya jioni, na bado tunasalimiana. Yule kijana wa koma hajajibu. Kila mwaka, tarehe ile aliyoniita kwenye skrini yake, namwandikia mstari mmoja, simwombi kitu. Wa mwaka huu nimeutuma juzi. Ameusoma.