Usikubali hedi irudi kwenye injini bila kupimwa

Ndugu mwenye Toyota 110, hebu simama hapo hapo. Unasema gari ilichemsha kwenye jam ya Mombasa Road, sasa asubuhi inatoa moshi mweupe, maji yanapungua na chini hakuna tone, na fundi wako amekuambia ni gasketi tu, ulete asubuhi, jioni uondoke nayo. Halafu unatuuliza ununue gasketi orijino au ya bei nafuu, kama pesa ya ufundi aliyotaja ni halali, kama ni afadhali kutafuta injini ya mtumba kutoka Japani, na kama gari itafika Kitui kwa harusi. Hayo yangoje. Kilichonitoa jasho ni hiyo ahadi ya jioni, maana nilipewa ile ile, na aliyenipa alikuwa na tabasamu zuri sana.

Hedi ni kile kifuniko kizito cha juu ya injini, bloku ni mwili wake wa chini, na gasketi ni utando bapa unaoziba katikati yao. Gasketi ya hedi haiungui kwa kupenda kwake. Hedi ya hiyo injini yako ya 5A ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma. Injini ikichemka, aluminiamu inatanuka kuliko chuma, na kwa kuwa imebanwa na bolti haina pa kwenda, inapinda. Ukiweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, umenunua muda tu, na si mwingi.

Fundi wangu alifungua hedi injini ikiwa bado moto, kwa sababu jioni ilikuwa inakaribia na alishaniahidi. Hapo peke yake ni kosa: hedi hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa, na bolti hulegezwa kuanzia pembeni kuingia katikati, la sivyo ambayo haikupinda kwa moto itapinda kwa spana. Baada ya hapo akachukua kipande cha mbao, akakizungushia msasa, akaanza kusugua uso wa hedi huku akipiga mluzi. Mimi nimesimama kando na soda mkononi, nikiangalia chuma kinavyong'aa, nikijiambia huyu kijana anaijua kazi. Akapaka gam juu na chini ya gasketi kama anapaka siagi mkate, akarudisha bolti za zamani, akachomeka paipu kwenye mpini wa spana na kukaza mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Nikamuuliza, "Hii hedi haipelekwi kupimwa?" Akacheka. "Bosi, hizi 110 nimefungua ngapi? Hao wa mashine wanataka tu kukula pesa yako."

Mjini gari ilikuwa swafi kabisa. Nikaenda nayo Naivasha. Kurudi, kwenye ule mpando wa kutoka Mai Mahiu, hita ikaanza kupuliza hewa baridi, na kabla sijafika Kimende mshale wa joto ulikuwa umepanda juu kabisa. Nikasimama, nikangoja ipoe, nikaongeza maji, nikaendelea. Naam, nikaendelea. Fundi alikuwa amenihakikishia kwamba hedi ni sawa, kwa hiyo nilidhani ni paipu imelegea. Karibu na Kikuyu injini ikaanza kugonga. Nilipofungua kifuniko cha oili, ndani kulikuwa na uji wa rangi ya maziwa. Maji yalishaingia kwenye oili, na oili yenye maji hailindi beringi. Kufika nyumbani nilibebwa na breakdown, majirani wote wakiwa nje, sijui nani aliwaita.

Nikampigia fundi. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nilipokuja kumpata ana kwa ana, akasema tatizo ni gasketi feki niliyonunua. Gasketi ambayo yeye mwenyewe alinituma Kirinyaga Road niinunue, jina la duka akaniandikia kwenye pakiti ya sigara! Bado nina hiyo pakiti. Siku nikigombea kiti cha kisiasa nitaitundika ofisini.

Injini ilifunguliwa upya na mzee mmoja wa Industrial Area, mtu wa maneno machache. Aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akamulika tochi kwa nyuma, akanisogezea kichwa nione. Kati ya silinda ya pili na ya tatu mwanga ulikuwa unapita. Akaingiza fila geji, ule ulimi mwembamba wa kupimia mwanya, ya 0.15 mm, ikapita bila kusukumwa. Kwa injini hiyo kitabu cha watengenezaji kinaruhusu mpindo usiozidi 0.05 mm, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye hedi iliyosuguliwa ikang'aa. Kisha ikapimwa presha: wanaziba njia za maji, wanajaza hewa, wanaizamisha kwenye maji ya moto. Viputo vikatoka karibu na kiti cha valvu ya egzosi. Ufa. Yaani hata skimu, kule kuichonga hedi kwa mashine mpaka uso unyooke, isingeniokoa. Nikatafuta hedi nyingine, nikanunua beringi, krenki ikasagwa, nikanunua gasketi ya pili. Mwaka huo shemeji yangu alinunua ng'ombe wa maziwa. Mimi nilinunua beringi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na fundi akikataa badilisha fundi. Hedi itoke ikiwa baridi, ioshwe, ipimwe presha kwanza, ndipo ipimwe unyoofu, ndipo iskimiwe ikihitajika. Presha inatangulia kwa sababu hakuna maana ya kulipia skimu ya hedi yenye ufa. Uwe pale kwa macho yako, na uambiwe kipimo kwa namba. "Iko sawa" si namba. Uso wa bloku nao uwekewe rula.

Gasketi usinunue mpaka hayo yaishe. Ukiniuliza mimi, nunua orijino, lakini kwenye hedi iliyopinda hata ya dhahabu itapasuka. Bolti za upande wa inteki ni za 90 mm, za upande wa egzosi ni 108 mm, zisichanganywe. Matundu yake yakaushwe kabisa, kwani maji au oili ikibaki chini, bolti ikikazwa inaweza kupasua bloku. Kukaza ni kuanzia katikati kwenda nje, 29 Nm kwa spana ya kupimia nguvu, kisha izungushwe nyuzi 90, kisha 90 tena. Paipu iachiwe wachimba visima.

Na uliza kwa nini ilichemka. Nina hakika kama ninavyokuandikia kwamba kuna mtu alishatoa themostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, akisema Afrika ni joto. Irudishwe, ile ya kufunguka nyuzi 82. Nairobi tuko juu, kama mita 1,700, maji yanachemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kikichoka na kushindwa kushika presha, huna nafasi ya kupumua. Kifuniko kipya na kulanti, si maji ya mfereji.

Injini ya mtumba sijui, hiyo kuna watu humu watakujibu. Sasa mpigie fundi umuulize hedi itapelekwa wapi kupimwa. Akisema haina haja, nenda uchukue ufunguo wako. Ukikuta ameshaifungua, ifunge hedi kwenye blanketi uipeleke mwenyewe kwa teksi, uso ukiangalia juu. Usiipakie kwa boda.