Setilaiti, bima na bahari yetu: majibu kwa wasomaji

Maswali mengi mliyoleta safari hii yanahusu kampuni za bima zinazotazama picha za setilaiti kabla ya kupanga ada au kulipa fidia. Nayajibu haya.

"Nina ghala la nafaka Mwanakwerekwe. Ada ya bima imepanda, na wakala ananiambia setilaiti imeonesha nipo kwenye njia ya maji. Ghala langu halijapata kuingia maji. Wananionea?"

Ndugu yangu, picha inaweza kuwa ya kweli na ada bado isiwe ya haki. Wakati wa masika wingu huifunika Unguja siku nyingi, na setilaiti zinazopiga picha za kawaida hazioni kitu. Ndiyo maana mafuriko hutafutwa kwa rada, inayotuma mawimbi na kupokea mwangwi wake, kama ile ya setilaiti ya Sentinel-1 ya Umoja wa Ulaya, inayopenya wingu na kufanya kazi hata usiku. Maji yaliyotulia hurudisha mwangwi dhaifu, kwa hiyo kwenye picha hutoka meusi. Lakini mitaa iliyobanana huivuruga rada: kuta hurudisha mwangwi mkali na kuyaficha maji yaliyo baina yake. Kwa eneo kama lako, basi, kampuni hutazama pia ramani ya mwinuko wa ardhi, na hapo ndipo pa kuhoji.

Ramani moja ya mwinuko inayotumiwa sana duniani, tena bila malipo, ilipimwa Februari 2000 kutoka chombo cha anga cha Marekani. Kila kipande chake kina upana wa mita 30 hivi, na penye miti au mapaa mengi haikufika kwenye udongo. Kimo chake kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Mwanakwerekwe, kinachoitenga nyumba inayoingia maji na isiyoingia mara nyingi ni kimo cha baraza tu. Na vipimo bora vipo: kuanzia 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, katika mradi uliowashirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa undani wa sentimita.

Muulize wakala kwa maandishi: mmetumia ramani gani ya mwinuko, ya mwaka gani, na picha ya mvua ya tarehe gani? Mpelekee na picha zako za sakafu, msingi na mtaro. Wakikataa kujibu, andika malalamiko kwao kwanza, kisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo inasimamia bima na huku kwetu Zanzibar. Naamini kwa dhati kwamba mtu akipandishiwa ada kwa sababu ya picha, picha hiyo aoneshwe.

"Nyumba yetu ya Mji Mkongwe: setilaiti inatosha, au nidai mkaguzi aje?"

Dai aje. Setilaiti inaona paa. Haioni boriti iliyooza ndani ya ukuta wala chokaa iliyolegea, na majumba ya mawe huanguka kwa hayo. Sehemu ya jumba la Beit el Ajaib, huko huko Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, nayo ni jengo linaloonekana vizuri sana kutoka juu.

"Mwanangu, huku Jambiani mwani unageuka mweupe na kukatika jua likizidi. Nimesikia kuna bima inayolipa setilaiti ikiona bahari imepata moto. Tuiingie?"

Shikamoo mama. Bima ya namna hiyo hailipi kwa kuhesabu mwani uliopotea. Mnakubaliana kipimo, tuseme joto la bahari likipita kiwango fulani kwa siku kadhaa mfululizo, na likipita mnalipwa bila mtu kuja kukagua kamba zenu za mwani. Uzuri wake ni haraka: fedha inaweza kufika kabla hamjakopa mbegu ya msimu unaofuata.

Ugumu upo kwenye kipimo chenyewe. Takwimu za kila siku za joto la bahari zinazotolewa na NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, zinazotumika kufuatilia matumbawe, zina vipande vya upana wa kilomita 5. Setilaiti hupima ngozi ya juu ya maji, na karibu na nchi kavu kipimo hicho huchanganyika na joto la ardhi. Mwani wenu upo ndani ya miamba, kwenye maji ambayo bamvua likitoka hubaki ya magotini na kuchemka kwa jua la mchana. Nje ya mwamba bahari inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku kamba zenu zinaungua. Mtapata hasara na setilaiti itasema hakuna kitu.

Kwa hiyo msiingie mpaka kampuni ikubali kufunga vipima joto majini, katikati ya vigingi vyenu, na kulinganisha namba zake na za setilaiti kwa misimu kadhaa. Vifaa hivyo ni vidogo, na kikundi kinaweza kuvitunza. Ulizeni pia kuhusu mvua kubwa, maana maji ya chumvi yakipungua ukali mwani nao huharibika, na kipimo cha joto hakitalionesha hilo. Mzigo huu mmeubeba kina mama tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989. Hamstahili kuuziwa bima ambayo haijajaribiwa kwenye maji yenu.

"Si wanasema vimbunga havifiki Zanzibar?"

Vimefika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuharibu meli za Sultan Barghash. Pemba ilisalimika, na ndiyo iliyokuja kuongoza kwa karafuu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kumbukumbu za setilaiti haziendi nyuma zaidi ya miaka ya 1960, kwa hiyo hesabu ya hatari inayotegemea picha peke yake haina 1872 ndani yake.

"Nina jahazi, napakia kati ya Wete na Tanga. Bima wanataka nifunge kifaa cha AIS ili setilaiti inione. Ni lazima?"

Nahodha, AIS ni kifaa kinachotangaza kwa redio jina la chombo na mahali kilipo. Sheria ya kimataifa inazilazimisha kukifunga meli za abiria, na za mizigo kuanzia tani 300 katika safari za kimataifa. Jahazi lako halimo, lakini bima wanaweza kuliweka sharti la mkataba. Bila kifaa, setilaiti haiwezi kukufuata: mbao hurudisha mwangwi hafifu wa rada, na rada yenyewe hupita mara moja baada ya siku kadhaa.

Wala setilaiti haihesabu mzigo. Meli ya abiria Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi, na hilo lilikuwa la kuzuiwa gatini kabla haijang'oa nanga.

Kinachoweza kukufaa ni mawimbi. Setilaiti za kupima kimo cha bahari, pamoja na hesabu za hali ya hewa, hutoa makadirio ya mawimbi na upepo katika mkondo wa Pemba kwa siku na saa. Ukipata ajali ya dhoruba, andika saa na mahali ulipo kwa simu, kisha waombe bima walete takwimu za saa hiyo. Na soma mkataba kama una sharti la kutotoka Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari. Likiwemo, hifadhi taarifa ya hali ya hewa ya kila siku uliyosafiri.