Maswali Yenu: Mkuki wa Yego, Mita 104 za Hohn na Kijana Mwenye Fito

Wiki iliyopita niliitaja kwa mstari mmoja fainali ya kurusha mkuki ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, Beijing 2015, aliyoshinda Mkenya Julius Yego, nikaendelea na habari za marathoni. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi kuliko niliyowahi kupata kuhusu mbio zozote. Nimechagua machache, na mengine nimeyafupisha, mnisamehe.

Hivi ni kweli Julius Yego alijifunza kurusha mkuki YouTube, au ni chumvi ya watangazaji? (Msomaji, Nakuru)

Ni kweli, ila hadithi yenyewe husimuliwa nusu.

Nusu ya kwanza mnaijua. Yego ni mtoto wa Nandi, huko ambako kijana mwenye mapafu mazuri huambiwa akimbie. Yeye alipenda kurusha, akaanza na fimbo za kujichongea. Kocha wa mkuki wa kumwelekeza hakuwapo, basi akawa anaingia saiba kutazama video za Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway, kisha anarudi uwanjani kujaribu alichokiona. Kwa elimu hiyo hiyo akaenda Maputo mwaka 2011 na kutwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika.

Nusu ya pili haina utamu, kwa hiyo huachwa. Baada ya Maputo alipata ufadhili wa kwenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya kocha Petteri Piironen. Wafini wanauchukulia mkuki kama sisi tunavyochukulia mbio ndefu: babu anaujua, mjukuu anaujua. Video itakuonyesha mkono wa Železný uko wapi anapoachia mkuki. Haitakuonyesha mkono wako wewe uko wapi, na hapo ndipo makosa yanapokaa. Anahitajika mtu wa kusimama pembeni akwambie kiwiko kimeshuka.

Matunda yake yalikuja kwa mpangilio: fainali ya Olimpiki London 2012, nafasi ya nne Mashindano ya Dunia Moscow 2013 kwa mita 85.40, dhahabu ya Jumuiya ya Madola Glasgow 2014, halafu mita 91.39 pale Birmingham Juni 2015. Aliyesema Beijing ilikuwa bahati hakuwa akifuatilia.

Mimi mwaka huo nilikuwa mdogo. Hebu tusimulie hiyo fainali ilikuwaje. (Msomaji, Kahama)

Ilikuwa tarehe 26 Agosti 2015, jioni kwa saa za Beijing na mchana kwetu, katika uwanja ule unaoitwa Kiota cha Ndege. Mmisri Ihab Abdelrahman alikuwa ameshatupa mita 88.99, na wengi tulidhani dhahabu inakwenda Cairo. Wajerumani, Wafini na Wacheki walikuwapo wote, wenye mchezo wao.

Jaribio la tatu la Yego. Akakimbia, akavuta, akaachia, na yeye mwenyewe akaanguka kifudifudi kwenye njia ya kukimbilia. Alipoinua kichwa mkuki ulikuwa bado unakwenda. Mita 92.72! Tangu Železný mwaka 2001, hakuna mtu aliyekuwa ameufikisha mkuki umbali huo.

Hakuna aliyemkaribia tena. Abdelrahman akabaki na fedha, Tero Pitkämäki wa Finland akachukua shaba kwa 87.64. Dhahabu na fedha za mkuki zote zikaja Afrika, na Kenya ikapata medali yake ya kwanza kabisa ya mashindano hayo nje ya mbio. Siku moja kabla, Nicholas Bett alikuwa ameshinda mita 400 kuruka viunzi, mchezo mwingine ambao Mkenya hakutarajiwa. Kenya ilimaliza ikiongoza jedwali la medali kwa dhahabu 7. Ukiniuliza mimi, katika zile saba, ya Yego ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa zaidi nyuma yake. Wakimbiaji watanitumia ujumbe, najua.

Kwa nini anaanguka kila akirusha? Amekosa mizani? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, anafunga breki. Watu wengi hudhani mkuki hurushwa kwa mkono. Mkono ni mlango wa mwisho tu. Mrushaji anakuja mbio, hatua za mwisho anakwenda ubavu akiwa ameuacha mkono nyuma, kisha anaupigilia chini mguu wa mbele ukiwa umenyooka kama nguzo. Chini mwili umesimama ghafla, juu bado unakwenda, na ile kasi yote inapanda kutoka nyonga hadi kifua, bega, kiwiko, mpaka kwenye vidole. Ni kama kiboko: shina linasimama, ncha ndiyo inayolia. Mkuki wa mita 90 huondoka mkononi kwa karibu mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Mwili uliobaki na mwendo lazima uende mahali. Wengine huruka kwa mguu mmoja wakijizuia. Yego hujitupa chini, ili asivuke tao jeupe lililo mwisho wa njia. Ukiligusa, jaribio limeharibika hata kama mkuki umetua mita mia.

Gharama yake ni kwa nyonga, kinena na vifundo vya miguu. Olimpiki ya Rio 2016 alirusha mita 88.24 kwa jaribio la kwanza, akaongoza, kisha akaumia na hakuweza kumaliza majaribio yake. Akapata fedha nyuma ya Mjerumani Thomas Röhler aliyefika 90.30.

Tumebishana hapa kijiweni. Mwenzangu anasema 92.72 ni rekodi ya Mashindano ya Dunia. Soda iko mezani. (Msomaji, Morogoro)

Mwenzako alipe. Rekodi ya mashindano hayo ni mita 92.80, ya Železný, Edmonton 2001. Yego alipungukiwa na sentimita 8, upana wa kiganja cha mkono. Ila 92.72 ni rekodi ya Afrika, na alimnyang'anya nani? Huyo huyo Abdelrahman, aliyekuwa na 89.21 ya mwaka 2014, ingawa kazi hiyo Yego aliimaliza mapema pale Birmingham.

Na msichanganye na Olimpiki. Huko rekodi ni 92.97, ya Mpakistani Arshad Nadeem, Paris 2024. Fainali hiyo Yego alikuwamo, akiwa na miaka 35, akamaliza wa tano kwa 87.72.

Baba alituambia zamani kuna mtu alirusha zaidi ya mita 100. Lakini naona rekodi ya dunia ni 98.48. Baba alitudanganya? (Msomaji, Bujumbura)

Mwombe baba radhi. Mwaka 1984, mjini Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80. Wakubwa wa riadha walipoona hivyo hawakufurahi, wakaingiwa na hofu. Uwanja wa mpira wenye njia ya mbio kuzunguka una urefu wake, na upande wa pili wamesimama waamuzi na wakimbiaji wanaojipasha moto. Mita chache zaidi na mtu angechomwa.

Kulikuwa na kero nyingine. Mkuki wa zamani ulipenda kuelea, ukatua bapa kama ubao, na waamuzi wakabaki kubishana ncha imegusa kwanza au la. Basi kuanzia 1986 mkuki wa wanaume ukabadilishwa: kitovu chake cha uzito kikasogezwa mbele sentimita 4. Uzito haukuguswa, ni gramu 800 zile zile. Lakini sasa pua yake huinama mapema, ukashuka na kuchoma ardhi. Umbali ukapungua na rekodi zikaanza kuhesabiwa upya. Hii 98.48 ni ya mkuki mpya, Železný tena, mjini Jena, Mei 1996, na haijaguswa hadi leo. Ya Hohn haikufutwa, ilifungiwa kabatini na mkuki wake.

Huwa namwonea huruma Hohn. Alirusha vizuri kupita kiasi.

Nimeona mkuki umelala chini bila kuchoma nyasi na mwamuzi akainua bendera nyeupe. Si lazima uchome? (Msomaji, Kigali)

Si lazima uchome, ila kichwa cha chuma lazima kiguse ardhi kabla ya sehemu nyingine, na ndani ya mistari miwili ya eneo la kutua. Kipimo huanzia pale kichwa kilipogusa kwanza. Bendera nyekundu hupanda mkuki ukitanguliza mkia au tumbo, ukitua nje ya mistari, mrushaji akigusa tao, akizidisha muda, au akizunguka mwili mzima kama mrusha kisahani. Kuzunguka hakuruhusiwi, na ukifikiri unasimama wapi kama mtazamaji utaona kwa nini.

Sisi Watanzania hatuna mtu? (Wasomaji watatu tofauti, wote kwa hasira)

Tunaye, tumemsahau. Zakayo Malekwa alirusha mkuki kwa Tanzania katika Olimpiki tatu mfululizo, 1980, 1984 na 1988, mikuki yote miwili, wa zamani na mpya. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu, mnamkumbuka. Haya, muongezeni na huyu.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 14, anarusha fito za mianzi shambani mpaka majirani wanalalamika. Nimkataze au nimsaidie? (Mama, Moshi)

Marahaba mama. Msaidie, lakini shambani pasiwe na mtu wala mbuzi mbele yake.

Asipewe mkuki wa gramu 800. Hata wavulana walio chini ya miaka 18 hutumia wa gramu 700 kwenye mashindano, na kwa umri wake hata huo ni mzito. Aanze na kurusha mpira mdogo kwa mkono mmoja juu ya bega, akiwa amesimama, kisha kwa hatua tatu. Ukimwona kiwiko kinashuka chini ya bega, msimamishe, hapo ndipo viwiko vya vijana vinapoharibika. Mazoezi ya mgongo, tumbo na miguu yatamfaa kuliko kunyanyua vyuma.

Na kuna adabu za mkuki ambazo ni kosa kuzichelewesha. Haubebwi mlalo bali wima, ncha ikiangalia chini. Hakuna kukimbia kwenda kuuchukua, maana mkia uliosimama ardhini huchoma sawa na ncha. Haurushwi kurudishwa, unarudishwa kwa miguu. Kila anayerusha husubiri wote wawe nyuma yake.

Hao majirani wanalalamikia nini hasa, fito zinaangukia kwao, au mianzi ni yao? Niandikie tena.