Imesita au imekufa?

Swali: Nasomea uhasibu hapa Mtwara. Kwenye ripoti za kampuni nakuta "mtiririko wa fedha kutokana na operesheni zilizositishwa". Je, ni Kiswahili sahihi? Na shughuli ikishasitishwa, hizo fedha zinatiririka kutoka wapi?

Jibu: "Operesheni" naisamehe, ingawa masikioni mwangu inanukia polisi na chumba cha upasuaji kuliko daftari la hesabu. "Shughuli" ipo, tuliipata kwa Waarabu zamani na haijachakaa. Ugomvi wangu ni na hilo "zilizositishwa".

Sitisha imezaliwa na sita: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Aliyesita huenda akaendelea. Ndiyo maana mapigano husitishwa: bunduki zimenyamaza lakini zingali mikononi. Siku hizi kila kilichokufa "kimesitishwa". Mwaka jana nilibeba debe la mahindi hadi mashine ya kusaga ya mtaani, nikakuta mlangoni maandishi ya chaki: "Huduma imesitishwa." Nikarudi na debe langu. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikachungulia dirishani: palipokuwa na mashine pamebaki boliti nne kwenye zege na vumbi la unga ukutani. Mashine ilishauzwa Newala! Kwa mtindo huo hata reli ya Mtwara–Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa, nayo imesita tu. Twendeni stesheni tukakate tiketi.

"Zilizokomeshwa" nayo siitaki, ina fimbo ndani. Mama akisema "leo nitakukomesha", hakuna anayewaza uhasibu.

Mimi ningeandika "shughuli zilizoachwa", na hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Kiwango cha kimataifa kiitwacho IFRS 5 kinazungumzia tawi kubwa la biashara, au eneo zima, ambalo kampuni imeliuza, imelifunga au imelitenga liuzwe. Likiuzwa, mnunuzi huendelea nalo. Aliyeliacha ni kampuni. Tuseme kampuni ina korosho na boti za uvuvi, ikauza boti zote katikati ya mwaka. Fedha za uvuvi bado zimo vitabuni: samaki waliouzwa kabla, mishahara na viinua mgongo vya mabaharia, hayo ni ya uendeshaji, fedha za boti zenyewe ni za uwekezaji, mkopo wa injini uliolipwa ni wa ugharimiaji. Kiwango kinataka kila fungu kati ya hayo matatu lioneshwe kando, zilizoingia ukitoa zilizotoka, ama ndani ya taarifa ya mtiririko wa fedha ama kwenye maelezo yake. La sivyo msomaji atapiga hesabu za mwakani akitegemea hela za samaki, na boti ziko kwa wenyewe Kilwa.

Mtihanini andika "zilizositishwa", usije ukapoteza alama kwa ajili ya hasira zangu. Neno hilo limeshatuzidi nguvu. Ila siku ukimiliki mashine ya kusaga ikakushinda, andika mlangoni "Tumeuza". Debe la mahindi ni karibu kilo 18, na mimi si kijana.